Aliyemteka kaka yangu ametuma mbuzi na karatasi ya msamaha. Tutie sahihi?

Binti_Ituri: Habari za jioni. Mwaka 2002 kaka yangu alichukuliwa njiani akitoka shule, ana miaka 12, akafanywa kadogo, yaani askari mtoto. Alirudi baada ya miaka miwili. Hadi leo hulala ameegemea ukuta, uso umeelekea mlango. Aliyemchukua ni jirani, tunachota maji kisima kimoja. Juzi wazee walituletea mbuzi wawili kutoka kwake, na karatasi: "Tumesamehe, hatutashitaki popote." Mama anataka tusaini yaishe. Kaka hasemi kitu, anatoka tu nje. Tukisaini, haki yake imekufa?

Mtetezi: Pole sana, dada. Msisaini. Kumwandikisha jeshini mtoto wa chini ya miaka 15 ni uhalifu wa kivita, na Mkataba wa Roma ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC), kifungu cha 29, unasema kesi ya namna hiyo haifi hata miaka ikipita. Thomas Lubanga, kiongozi wa wanamgambo, alifungwa na mahakama hiyo miaka 14 mwaka 2012 kwa kosa hilohilo, la hukohuko Ituri, mashariki mwa Kongo. Hata sheria ya msamaha ya Kongo ya 2014 haikugusa uhalifu wa kivita. Serikali haikuufuta, wazee wataufutaje? Ila karatasi hiyo itatumika kumnyamazisha kaka yako siku atakapotaka kusema.

Mama_Wawili: Nawaheshimu wanasheria, lakini huyo mama namwelewa. Kijiji cha Bogoro, hukohuko Ituri, kilishambuliwa Februari 24, 2003. Uamuzi wa fidia katika kesi ya Germain Katanga, kamanda aliyehukumiwa na ICC kwa shambulio hilo, ulitoka 2017: wahanga 297, dola 250 kila mmoja kama ishara, na misaada mingine kwa pamoja. Miaka 14 ya kusubiri! Jirani yeye yupo kisimani kila asubuhi.

Aliyerudi: Mimi nilikuwa kadogo. Nilitekwa, halafu nikateka wengine. Msamaha ni wa kaka yako. Si wa mama, si wa wazee, wala si wako wewe uliyeshika kalamu. Muulize mkiwa wawili, mikono ikiwa na kazi, si barazani. Mimi mbuzi wasingenifaa kitu. Nilitaka mtu asimame mbele ya watu aseme: huyu nilimchukua, hakuja mwenyewe. Maana kijijini kwetu mimi ndiye niliyeitwa muuaji.

Binti_Ituri: Asanteni. Nimeongea naye jana tukipukuchua mahindi. Anataka mbuzi warudishwe. Siku ile walichukuliwa watoto watatu, wawili hawakurudi. Anataka jirani aonyeshe walipozikwa, mama zao wakiwepo. Hayo mengine baadaye. Mama alilia sana, kisha leo alfajiri akawafungua mbuzi kamba mwenyewe.

Mtetezi: Dada, jirani akikubali kuonyesha, msichimbe. Najua itakuwa vigumu kuwazuia hao mama. Mifupa ni ushahidi, na ikishavurugwa hata majina yao yanaweza kupotea. Wekeni alama, andikeni tarehe na waliokuwepo, kisha mtafute wakili kabla ya jembe.