Tupeane uzoefu: kompyuta na intaneti za ofisi ya kanisa, mmeyaona yapi?

Karani wa Usharika
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Leo kijana wa kwaya kaingia ofisini, kachomeka flashi hata salamu hakuna, kaanza kuprinti. Namuuliza, ananijibu, "Mama, si kompyuta ya kanisa?" Jibu hilo nimelisikia kwa wazee, kwa vijana, hadi kwa wainjilisti. Ni ya kanisa, basi ni ya kila mtu. Na humo humo kuna ahadi za waumini, mishahara na barua za nidhamu. Mliofanya kazi ofisi hizi, au mnaosali tu na mkakutana na haya, semeni. Mliona nini na mlifanyaje?

Besi ya Pili
Kwetu mashine ya ofisi ndiyo studio ya kwaya, ndiyo steshenari ya mtaa, na usiku mlinzi anashushia sinema. Bando la mwezi linaisha wiki ya kwanza, halafu taarifa ya dayosisi inachelewa kutumwa.

Fundi wa Mwanjelwa
Naletewa sana mashine za makanisa. Ugonjwa ni ule ule, virusi vya flashi. Folda zote zinageuka njia za mkato, watu wanadhani kazi yao imepotea. Msikimbilie kuformati, yaani kufuta kila kitu! Mara nyingi mafaili yapo, yamefichwa tu, yanarudishwa.

Mlokole Halisi
Formati tu mkuu, mashine inakuwa mpya. Sisi ndivyo tunavyofanya.

Fundi wa Mwanjelwa
Na rejista ya ubatizo ikiwa humo? Mtoto akifika kipaimara utamwandikia cheti kutoka wapi?

Mlokole Halisi
Sisi hatubatizi watoto wachanga.

Mama Kipaimara
Jamani, hilo la ubatizo tuliache, tutakesha. Mada ni kompyuta.

Katibu Muhtasi wa Zamani
Mada hii imenifufulia jambo ambalo sijawahi kuliandika popote. Nilifanya kazi usharika mmoja Nyanda za Juu Kusini. Kulikuwa na wanandoa wenye mgogoro. Wazee wakawaita, wakakaa nao jioni kadhaa, muhtasari ukaandikwa na kuhifadhiwa kwenye mashine ya ofisi. Mle kuna mambo ya chumbani: nani alitoka nje ya ndoa, nani ana ugonjwa gani, mtoto yupi ana baba mwingine. Niliomba kwa barua mashine iwekewe nywila. Mzee mmoja akaniambia, "Unamficha nani? Hapa sote ni ndugu."

Jumamosi moja sipo, mtu akafunguliwa ofisi aprinti ratiba ya harusi. Akaondoka na folda nzima kwenye flashi. Alikusudia, au alikopi bila kuangalia, mpaka leo hakuna anayejua. Jumatano muhtasari ukawa kwenye magrupu ya WhatsApp.

Yule mama alikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili. Jumapili iliyofuata alikuja, akakaa benchi la nyuma. Watu walikuwa wanapeana simu ibada ikiendelea, na yeye anawaona. Hakusubiri sadaka, alitoka. Watoto wake wakaanza kuulizwa maswali shuleni. Familia ikahama wilaya.

Kikao kikaitishwa. Kikajadili nani atolewe kwenye grupu. Mashine haikutajwa. Mimi nikatakiwa kutoa maelezo kwa maandishi, nikayatoa na nakala ya ile barua yangu nikaiambatanisha. Sikujibiwa. Yule mama alikimbilia kanisani ili asitiriwe, na kanisa ndilo lililomvua nguo.

Besi ya Pili
Pole sana dada. Nimeshindwa hata kuandika.

Mtoto wa Katekista
Tumsifu Yesu Kristo. Pole dada. Na si kwamba Kanisa halijui kutunza siri. Sheria ya Kanisa Katoliki ya 1983, kanuni ya 489 na 490, inataka kila jimbo liwe na hifadhi ya siri, na ufunguo wake anao askofu peke yake. Sasa siri zile zile tunaziweka juu ya meza, kwenye mashine ambayo hata anayeuza mishumaa anaifungua. Baba yangu daftari lake alilifungia sandukuni, na sisi wanawe hatukuligusa.

Mzee wa Kanisa
Binti yangu, pole. Ila nataka kuuliza, msinielewe vibaya. Ulazima wa kuandika yote hayo ulikuwa upi? Zamani tuliandika "wamesikilizwa, wamepatana", basi. Kisichoandikwa hakiibiwi na flashi.

Katibu Muhtasi wa Zamani
Mzee wangu, hapo umesema kweli. Ila wazee wenyewe ndio waliotaka neno kwa neno.

Mama Kipaimara
Sheria ipo pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ni ya 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Afya ya mtu na imani yake vinahesabiwa kuwa taarifa nyeti. Kama yalitokea baada ya hapo, yule mama alikuwa na pa kushtaki.

Jirani Kutoka Kitale
Huku Kenya tuko na yetu ya 2019, lakini orodha ya waliotoa fungu la kumi bado inabandikwa kwa ukuta wa kanisa na kupigwa picha. Sheria pekee haitoshi ndugu zangu.

Mlokole Halisi
Muumini kumpeleka muumini mahakamani, Paulo alikataza. 1 Wakorintho 6.

Mama Kipaimara
Sura hiyo hiyo Paulo anawakemea wanaodhulumu ndugu zao. Isome mpaka mstari wa 8.

Kijana wa Mitambo
Sikilizeni ya kwetu Dar. Tuna msiba wa mzee mkubwa wa kanisa. Katibu anapigiwa simu na mtu anayejitambulisha kuwa yuko dayosisi. Anamtaja mchungaji kwa jina na ratiba ya mazishi anayo. Yote hayo yalikuwa kwenye grupu la watu mia kadhaa. Anasema anamuunganisha na kikao cha mtandaoni, amsomee tarakimu 6 zilizoingia kwa meseji. Katibu akasoma. WhatsApp ikamtoka hapo hapo. Magrupu ya jumuiya zote yakapokea: "Namba ya rambirambi imebadilika, tumeni kwa hii, jina litakuja la mwanangu." Watu wakatuma. Wajane wakatuma. Siku ya kuzika mwenye jeneza yuko getini anadai salio, na pesa hakuna.

Besi ya Pili
Eeh! Ikawaje?

Jirani Kutoka Kitale
Malizia ndugu, usituache hapo.

Kijana wa Mitambo
Mchungaji alisimama akawaambia waombolezaji ukweli wote. Kapu likapita upya, na waliokwisha kutuma wakatoa tena. Tulizika jioni sana. Polisi walifuatilia ile laini, ikakutwa imesajiliwa kwa kitambulisho cha bibi wa kijijini asiyejua lolote.

Mlokole Halisi
Mimi nasema magrupu yafutwe. Turudi kwenye matangazo ya ibadani.

Fundi wa Mwanjelwa
Na msiba wa usiku utautangaza ibada ipi? Wapendwa, zile tarakimu 6 hasomewi mtu, awe askofu au malaika. Ukinyang'anywa, jisajili upya kwa namba yako saa ile ile, ukiingiza tarakimu mpya mwizi anatupwa nje. Akiwa ameshaweka namba yake ya siri ya uthibitisho wa hatua mbili, unaweza kusubiri siku 7. Kwa hiyo uiweke wewe kabla yake. Meseji za matapeli, kwa Tanzania, zitumeni kwenda 15040. Na ofisini, fungueni "vifaa vilivyounganishwa" kwenye WhatsApp ya katibu. Mtashangaa ni kompyuta ngapi zinasoma meseji za kanisa.

Mlokole Halisi
Basi dawa ni mchungaji kuona kila anachofungua mtumishi. Kuna mahali mtu alikutwa anaprinti mikeka ya kubeti kwa wino wa kanisa.

Karani wa Usharika
Mikeka ni kosa, na mtu aambiwe. Lakini kuchungulia meseji za mtumishi kimyakimya ni kurudia yale yale yaliyompata yule mama. Yaandikwe mapema: mashine ni ya kazi gani, nani ana nywila, nini kitakaguliwa. Mtumishi asome, asaini.

Mzee wa Kanisa
Na mchungaji naye asaini. Wa kwanza.

Besi ya Pili
Sisi tulipewa mashine ya pili, ya kuprinti tu, haina intaneti wala mafaili ya ofisi. Ugomvi ulipungua sana.

Fundi wa Mwanjelwa
Hiyo nzuri. Hata iwe kuukuu. Ila yenye intaneti msiiache na Windows 7, hiyo Microsoft waliacha kuihudumia tangu Januari 2020.

Mama Kipaimara
Dada katibu, yule mama aliwahi kuombwa radhi?

Katibu Muhtasi wa Zamani
Bado. Mchungaji aliyekuja baadaye ameniomba namba yake, anataka kwenda. Sijampa. Nimemwandikia kwanza mama mwenyewe, aseme kama anataka kutafutwa.