Barua ya kujiuzulu unayoandikiwa na mwajiri ndiyo inayoua fao lako la kukosa ajira

Wakuu, nina hasira na sitajifanya nimetulia. Kama unakatwa michango ya hifadhi ya jamii kila mwezi, uzi huu unakuhusu, hata kama leo kazi yako iko salama.

Kuna mchezo umeshamiri kwenye makampuni binafsi. Mwajiri anataka kupunguza watu, lakini hataki gharama wala maswali ya kupunguza watu. Anachofanya ni kukuandikia barua ya kujiuzulu kwa jina lako, anakuita chumbani, anakwambia usaini. Unasaini ukiwa umechanganyikiwa. Baadaye unakwenda kufuatilia fao la kukosa ajira, ofisa anafungua faili, anasoma barua, anakwambia kwa upole kabisa: ndugu, hapa inaonekana umeacha kazi mwenyewe, na fao hili halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari. Yule ofisa hajakudanganya. Ndivyo sheria ilivyo, na mwajiri wako aliijua kabla yako.

Tuelewane kwanza fao lenyewe ni kitu gani, maana wengi hulisikia siku wanayolihitaji. Huku Tanzania Bara, mchango wa NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, kwa kawaida 10 yako na 10 ya mwajiri. Ukipoteza kazi bila kutaka, ukiwa na umri chini ya miaka 55 na umeshachangia angalau miezi 18, unalipwa asilimia 33.3 ya mshahara wako kwa miezi sita. Walio utumishi wa umma wana mfuko wao, PSSSF, na fao linalofanana na hilo. Aliyechangia chini ya miezi 18 ana utaratibu wake mwingine. Aliyeacha kwa hiari, hana chake. Neno hilo "hiari" ndilo waajiri wanalichezea.

Kwetu walituita mmoja mmoja. Chumba cha mikutano, mapazia yamefungwa, HR (ofisa wa rasilimali watu) na mwanasheria wa kampuni upande mmoja wa meza, wewe peke yako upande wa pili. Barua imeshachapwa, ina jina lako, cheo chako na namba yako ya kazi. Kilichoachwa wazi ni tarehe na saini, na kalamu imewekwa juu yake. Maneno yenyewe: "Naomba kuacha kazi kwa sababu zangu binafsi. Naishukuru kampuni kwa nafasi niliyopewa. Sina na sitakuwa na madai yoyote." Barua zote zilikuwa na maneno hayo hayo, hadi kosa la uchapaji kwenye neno "Naishukuru" lilikuwa moja. Yaani idara nzima iliamka asubuhi moja ikiwa na sababu binafsi zinazofanana!

Kaka mmoja wa stoo hakuwa na miwani yake. Akaomba aondoke na karatasi, binti yake amsomee jioni, kesho airudishe. Akajibiwa kwamba karatasi haitoki nje ya chumba na kwamba anachelewesha wenzake. Akasomewa na mtu yule yule aliyeiandika. Akasaini. Huyu kafanya kazi pale miaka minane, hajawahi kupewa hata onyo la mdomo, na leo kwenye kumbukumbu yeye ni mtu aliyejichokea akaamua kuondoka.

Aliyesita aliambiwa achague: saini uondoke na mshahara wa mwezi huu mkononi, au kataa tukuandikie utovu wa nidhamu uone kama kuna kampuni itakuchukua. Mimi nilikataa. Nikatolewa nje na mlinzi, vitu vyangu vikafuata baadaye kwenye boksi, na barua yangu ya kuachishwa nimeipata kwa kusumbuana. Nasema hivi ili ieleweke sipiganii karatasi yangu. Napigania za wale waliosaini huku mikono inatetemeka.

Sasa tazameni karatasi hiyo moja inabeba nini.

Notisi inakufa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 41, inampa anayelipwa kwa mwezi notisi isiyopungua siku 28, au alipwe badala yake. Ukishakuwa wewe ndiye uliyeacha, deni la notisi linageuka kuwa lako. Kuna mwenzetu kapunguziwa fedha kwenye malipo yake ya mwisho kwa maelezo kwamba "hakutoa notisi", kwa barua ambayo hakuiandika yeye!

Kiinua mgongo kinakufa. Kifungu cha 42 kinasema mfanyakazi aliyetimiza miezi 12 mfululizo, mwajiri akivunja ajira, alipwe angalau mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka aliotimiza, mpaka miaka 10. Yule kaka wa stoo alikuwa na siku zake 56. Lakini sharti ni mwajiri ndiye avunje. Amejiuzulu, kwa hiyo sifuri.

Utaratibu wa kupunguza wafanyakazi unakufa. Kifungu cha 38 kinamtaka mwajiri atoe taarifa ya kusudio, aweke wazi sababu, akae na wafanyakazi au chama chao wajadili namna ya kuepuka kupunguza, nani apunguzwe na kwa kigezo gani. Hayo yote hayahitajiki kama hakuna aliyepunguzwa. Ndiyo maana chumba kilifungwa mapazia.

Na fao linakufa, hili ambalo halitoki hata mfukoni mwa mwajiri! Hapo ndipo damu inaponichemka. Mwajiri angeweza kukwepa gharama zake akaacha angalau mfuko ukulipe. Hapana, ili akwepe vyake lazima auwe na chako.

Najua watakuja wa "kwani walishikiwa bunduki?" Ndugu yangu, mtu ana watoto shuleni, kodi ya nyumba inadaiwa ya miezi sita kwa mkupuo, ana mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara, na mbele yake kuna mwanasheria anayemwambia ana dakika kumi. Usiite hiyo hiari. Sheria yenyewe haiiti hivyo. Kifungu cha 36 cha sheria hiyo hiyo kinahesabu kuwa umeachishwa kazi na mwajiri pale ulipojiuzulu kwa sababu mwajiri ameyafanya mazingira ya kazi yasivumilike. Kwa maana hiyo sheria ya kazi inajua kuwa kuna kujiuzulu kwa kulazimishwa. Lakini dirishani unapodai fao, kinachosomwa ni barua. Sheria moja inafungua mlango, nyingine inaufunga, na mnyonge yuko katikati anazungushwa.

Wataalamu wa kazi duniani waliliona hili zamani sana. Mkataba namba 102 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1952, unaruhusu nchi kumnyima fao mtu aliyeacha kazi kwa hiari bila sababu ya msingi. Someni vizuri maneno hayo ya mwisho. Kuacha kazi peke yake hakutoshi, lazima iulizwe kwa nini ameacha. Sisi swali hilo tumelitupa, tumebaki na saini.

Na kwa kuwa nimeugusa mkataba huo, niseme la kiwango. Kiwango chake cha chini kwa mkosa ajira mwenye familia ni asilimia 45 ya mshahara, na hiyo ni 1952. Mkataba namba 168 wa 1988 ukapandisha mpaka 50. Sisi tuko 33.3. Mtu wa mshahara wa 600,000 anapata kama 200,000 kwa mwezi, na baada ya miezi sita basi, awe amepata kazi au hajapata. Tukumbushane pia tulikotoka: kabla ya mabadiliko ya 2018 wafanyakazi walikuwa na fao la kujitoa, ukikosa kazi unachukua michango yako unaanzisha genge, unanunua cherehani, maisha yanasogea. Likaondolewa, tukaambiwa mbadala wake ni hili la kukosa ajira. Haya, tukakubali. Sasa mbadala wenyewe unazimwa na barua ya mistari mitatu, na michango yako huigusi. Mtu ana fedha zake mwenyewe kwenye mfuko, miaka minane ya makato, na hawezi kununua hata unga nazo. Sijawahi kusikia maelezo ya kuniridhisha kwenye hili.

Kuna jambo jingine linalokwenda sambamba: makato yasiyofika. Baadhi yetu tulipochukua taarifa za michango tulikuta mashimo. Slipu ya mshahara ya mwezi fulani inaonyesha kabisa umekatwa, safu ya michango ina namba, lakini kwenye taarifa ya mfuko mwezi huo mweupe. Ukizingatia sharti la miezi 18, mwenye ajira fupi anaweza kujikuta ana miezi 15 kwenye mfumo wakati kakatwa miezi 20. Mwajiri amekula fedha ya mtu, halafu anayekosa sifa ni aliyeibiwa. Hata kama madeni hayo hufuatiliwa, mtu aliye mtaani hawezi kungoja kesi ya mwajiri na mfuko imalizike ndipo ale. Chukueni taarifa zenu za michango mkiwa bado kazini, na slipu zote mzitunze nyumbani, siyo kwenye barua pepe ya ofisi ambayo watakufungia siku hiyo hiyo.

Sasa kwa waliokwishasaini. Msikae nyumbani mkajilaumu, muda unakwenda. Mgogoro wa kuachishwa kazi isivyo halali unatakiwa ufikishwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Madai mengine ya kikazi ni siku 60. Unajaza fomu namba moja ya CMA, unampa mwajiri nakala, unaanza na usuluhishi, mkishindwana inakwenda kwenye uamuzi. Siku zikiwa zimepita kuna kuomba kuongezewa muda, lakini lazima uwe na sababu inayoeleweka, na "sikujua" ni sababu dhaifu. Mkiwa wengi nendeni pamoja, na nakala za barua zenu mziweke mezani kwa pamoja. Barua moja ni neno lako dhidi ya lao. Barua za idara nzima zenye tarehe moja, maneno yale yale na kosa lile lile la uchapaji, zinajieleza.

Ambao hamjasaini: una haki ya kusema sisaini leo. Una haki ya kumwita mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Wakikubadilishia jina wakaiita "makubaliano ya kuachana", soma kwanza ina maana gani kwa mafao yako, maana jina zuri halilipi kodi. Na ukilazimika kuandika chochote kwenye karatasi yao, andika ukweli kwa mkono wako karibu na saini: nimetakiwa na mwajiri kuondoka. Piga picha.

Ninachokitaka kwa wenye mamlaka kiko wazi. Kwanza, fao lisikataliwe kwa barua ya kujiuzulu peke yake. Mdai asikilizwe kwa nini ameacha, na mwajiri aulizwe ni wangapi wengine wamejiuzulu mwezi ule. Hiyo ya pili mfuko unaweza kuiona wenyewe, maana michango ya watu kadhaa wa kampuni moja ikikatika mwezi mmoja, jibu liko kwenye mfumo. Pili, barua ya kujiuzulu isitambulike mpaka zipite siku kadhaa ambazo mfanyakazi anaweza kuiondoa, awe amepata nafasi ya kwenda nayo nyumbani. Tatu, mwezi uliokatwa kwenye slipu uhesabike kwa mfanyakazi, na mfuko ukapambane na mwajiri huko wanakojuana.

Kwa leo nawaomba kitu kimoja. Kama na wewe uliwekewa barua iliyochapwa tayari, weka hapa maneno yake kama yalivyo. Futa jina lako, futa jina la kampuni, acha maneno na mwaka. Nataka tuone ni barua ngapi nchi hii zimeandikwa na mkono mmoja. Na kama kuna aliyewahi kuipeleka CMA barua ya namna hiyo, aeleze usuluhishi ulikwendaje na mwajiri alijitetea vipi, kwa sababu kuna watu humu siku zao 30 zinahesabika sasa hivi.