Waliowahi kuishi au kupita stesheni ya Musashi-Kosugi (Kawasaki, Japani), njooni tupeane uzoefu

Kijana wa Moshi
Habari zenu wakuu. Mdogo wangu kapata chuo Japani, anaripoti mwezi wa nne, chumba kapata Kawasaki na stesheni yake itakuwa Musashi-Kosugi. Mimi niliishi maeneo hayo ila nimesharudi bongo siku nyingi na pale kila ukigeuka wamebomoa hiki wamejenga kile, kwa hiyo nimeona badala ya kumsimulia peke yangu mambo ya kale nifungue uzi. Aliyeishi, aliyepita, aliyekwama pale usiku wa manane, wote karibuni.

Naanza na langu. Ukiambiwa "tukutane Kosugi" uliza Kosugi ipi, maana jina ni moja ila stesheni ni kama mbili. Upande mmoja kuna laini ya Nambu ya kampuni ya JR inapishana na laini mbili za kampuni ya Tokyu, yaani Toyoko na Meguro. Upande wa pili, mbali, ndo kuna treni za Yokosuka na Shonan-Shinjuku, platfomu zake ziko pembeni kabisa ya reli ya shinkansen (zile treni za mwendo kasi), unasimama unaona shinkansen zinakupita vuuup. Huo upande umefunguliwa Machi 2010, kabla ya hapo treni za Yokosuka zilikuwa zinapita tu. Katikati wameunganisha kwa korido ndeeefu. Sasa kuna mshkaji wangu alikuwa ananiletea unga wa sembe kutoka Yokohama, kaja na Yokosuka, mimi niko geti la Nambu, kila mtu anamwambia mwenzie "mbona nipo getini hapa sikuoni". Simu yake ikazima chaji. Unga nimekuja kuupata wiki iliyofuata.

Omosh_254
Niaje wasee. Hiyo korido naijua, nimeikimbia sana nikiwa na laptop mgongoni. Lakini mkuu hujamwambia kijana kuhusu asubuhi. Kosugi ilikuwa mji wa viwanda, halafu wakaanza kuvunja viwanda na kupanda maghorofa marefu, watu wakajaa haraka kuliko stesheni ilivyoweza kubeba. Mimi nimeikuta ile hali ambayo foleni ya kuingia getini upande wa Yokosuka inatoka nje inapinda kona barabarani, watu wamevaa suti wamesimama kimyaaa, hakuna anayesukuma, hakuna anayetukana mama ya mtu. Mwaka 2018 wakaongeza geti la asubuhi ikapungua kidogo. Shida nyingine ilikuwa ndani, wa kwenda Tokyo na wa kwenda Yokohama wote platfomu moja nyembamba, hii mpya ya wanaoelekea Yokohama imefunguliwa Desemba 2022, so wanaokuja sasa wameokoka.

Sheria za mle ndani ni rahisi: begi geuza liwe kifuani, simu isilie na usiongee nayo, na ukiwa umesimama mlangoni treni ikifika stesheni shuka nje upishe wanaotoka halafu rudi ndani wa kwanza. Usiogope kushuka, nafasi yako hakuna atakayeichukua. Na treni ikichelewa kuna kikaratasi wanatoa cha kuthibitisha kwamba ilichelewa, siku hizi hata mtandaoni unakipata. Profesa wangu alikuwa haamini sababu yoyote duniani ila hako kakaratasi.

Mama Naima
Hodi humu. Nyie wanaume mnaongelea suti, mimi nimepita pale na mtoto kwenye kigari. Ushauri wangu kwa mwenye mtoto, tafuta lifti kwanza ndo utafute treni, maana lifti iko kona yake na kuna foleni ya kina mama na wazee, ukienda mbio mbio utazunguka mpaka uchoke.

Lakini kilichonishangaza mimi ni watoto. Unaona mtoto wa darasa la kwanza, kofia kichwani, begi kubwa kuliko yeye, yuko peke yake anagusisha kadi getini anapita. Kadi za watoto pale geti za JR zinalia mlio wa kifaranga, piyo piyo, mfanyakazi aliyekaa pale akisikia anajua aliyepita kalipa nauli ya mtoto. Naima alivyofika umri wa kupewa yake tulikuwa tunapita getini anacheka peke yake. Na dada zangu mnaoenda, asubuhi baadhi ya treni zina behewa la wanawake tu, Toyoko lipo, alama yake ya pinki imechorwa chini kwenye platfomu. Lipandeni, msione aibu.

Sheha wa Magari
Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi si mwanafunzi, mimi ni mtu wa magari, nilikuwa naenda minadani nanunua magari ya kupeleka Unguja na Dar, na shughuli za bandari ya Kawasaki zilikuwa zinanipitisha kwenye Nambu mara kwa mara. Nambu inaanzia Kawasaki inaishia Tachikawa, kama kilomita 35 hivi, mabehewa sita tu, zamani reli hiyo ilijengwa kwa ajili ya kubeba kokoto za mto Tama na mawe ya chokaa, nilisimuliwa na mzee mmoja wa pale, basi mimi nikaona sawa, na sisi tunabebwa kama kokoto.

Siku moja usiku bahasha yangu imebaki kwenye treni. Ndani mna makaratasi ya kufuta usajili wa magari, bila hayo gari haliendi popote, meli inaondoka wewe umekaa. Nimeshuka Kosugi mikono mitupu, jasho linanitoka na ni baridi. Nikaenda kwa yule kijana wa getini, Kijapani changu cha sokoni, akaniuliza treni ya saa ngapi, behewa la ngapi, nilikaa karibu na mlango upi. Bahati nilikuwa nakumbuka nilishuka mbele ya ngazi, akatoa mchoro wake akahesabu akaniambia behewa namba fulani. Akapiga simu. Bahasha imekutwa Tachikawa, mwisho wa reli, asubuhi nikaifuata nikatia sahihi nikapewa, haijafunguliwa. Kwa hiyo kijana ajue, kikipotea kitu usikate tamaa ila nenda mapema, baada ya siku chache wanavipeleka polisi, na polisi wanakaa navyo miezi mitatu.

Mbeya Boy
Sheha umenikumbusha mbali, kokoto nimecheka sana.

Mimi nilikuwepo Machi 11, 2011. Nilikuwa Shibuya, Tokyo, tetemeko linapiga. Treni zote zikasimama, simu hazishiki, simu za barabarani zikawa za bure watu wamepanga mstari. JR jioni wakatangaza leo hakuna treni mpaka kesho na wakafunga. Nikasubiri subiri mpaka usiku ukaingia nikasema potelea mbali, nikaanza kutembea kurudi Kosugi. Hukuwa na haja ya ramani, unafuata watu tu, barabara nzima imejaa watu wa ofisini wanatembea upande mmoja, wengine wana helmeti walizopewa kazini, akina dada wameshika viatu vya visigino mkononi. Kila kombini (vile viduka vya mtaani) mikate na onigiri (madonge ya wali) zimeisha ila choo wanakuruhusu. Ni kama kilomita 10 mpaka ufike daraja la Maruko, ukivuka mto Tama umeshaingia Kawasaki. Nakaribia mto nasikia ngurumo, natazama daraja la reli pale jirani, treni ya Toyoko hiyo inapita imewasha taa zote imejaa! Kumbe Tokyu wamerudisha huduma usiku ule ule. Yaani ningekaa Shibuya nikanywa kahawa ningefika pamoja na miguu yangu mizima.

Omosh_254
😂😂 pole bro

Fundi Umeme Tz
Wa mafuriko hayupo? Basi nijitokeze mimi. Oktoba 2019, kimbunga kile kikubwa cha Jumamosi. Kwanza niwasifu, siku moja kabla kampuni za treni zilishatangaza kesho tunasimamisha, kwa hiyo hakuna aliyekwama njiani, kila mtu yuko ndani na maji ya chupa. Mto Tama ukapanda, na maji hayakuja kwa kuruka ukingo kama watu wanavyodhani, yalirudi kinyumenyume kupitia mitaro ya chini kwa chini ya maji ya mvua yakatokea barabarani katikati ya mji. Upande wa geti la Yokosuka ukawa bwawa la matope.

Halafu ghorofa moja pale karibu, refu ghorofa 47, mitambo yao ya umeme iko chini kwenye besimenti, maji yakaingia. Umeme hakuna, lifti hakuna, maji ya bomba hayapandi, vyoo havifanyi kazi. Watu wamenunua nyumba kwa mamilioni ya yeni wanapanda ngazi na ndoo. Kama mtu wa umeme liliniuma, ukiweka mitambo chini kabisa kwenye mji ulio kando ya mto unategemea nini. Watu waliporudi makazini ngazi za umeme za stesheni bado mbovu na baadhi ya mageti hayafanyi kazi, ile foleni anayosema Omosh siku hiyo ilikuwa babu yake. Kijana akipanga aangalie ramani ya mafuriko, halmashauri ya mji inaigawa bure.

Tumaini K
Mbona mnamtisha dogo jamani. Semeni na mazuri, Kosugi mpaka Shibuya kwa treni ya haraka ya Toyoko ni robo saa haifiki, Yokohama vilevile. Tena hiyo treni ya haraka, wenyewe wanaiita tokkyu (si jina la kampuni ya Tokyu), kwenye Toyoko haina nyongeza ya nauli, unapanda kama treni ya kawaida, ila tokkyu za JR ni lazima ulipie tiketi ya ziada, asichanganye. Ile treni ya kwenda uwanja wa ndege wa Narita nayo inasimama Kosugi, na yenyewe ina tiketi yake pembeni. Na kwenye Yokosuka behewa la nne na la tano ni la wenye hela, viti vizuri, ukiona behewa tupu asubuhi wakati mengine yamefurika usishangilie.

Mpira: siku Kawasaki Frontale wanacheza nyumbani Todoroki, stesheni nzima ni jezi za bluu nyepesi. Uwanja unafikika kwa mguu.

Mama Naima
Kwani chuo chenyewe kiko wapi mwanzisha uzi?

Kijana wa Moshi
Hiyoshi, dada.

Tumaini K
Mkuu!! Si ungesema tangu mwanzo. Hiyoshi ni stesheni ya pili kwa Toyoko, Kosugi, Motosumiyoshi, Hiyoshi, anaelekea Yokohama wakati umma wote unaelekea Tokyo. Wanafunzi atawakuta ndani ila si ile ya kubanwa mbavu. Yokosuka atapanda akienda kutembea tu. Na akichelewa Shibuya usiku, treni zilizoandikwa zinaishia Motosumiyoshi zote zinapita Kosugi kwanza, apande bila wasiwasi, ila baada ya saa saba usiku hapo ni teksi na teksi ya kule utauza figo.

Omosh_254
Akate pasi ya wanafunzi, mwezi mmoja, mitatu au sita, bei chini sana. Lakini aulize chuo kwanza kama wanampa kibali, wale wanaoanza kama wanafunzi wa utafiti kabla ya kusajiliwa digrii mara nyingi hawapewi.

Sheha wa Magari
Kwa umbali huo anunue baiskeli tu, aisajili dukani palepale aliponunua. Ila asiifunge nje ya stesheni kwenye uzio, wanapita na lori wanazikusanya na kuikomboa unalipa. Maegesho ya baiskeli yapo, alipie huko.

Kijana wa Moshi
Nashukuru sana wakuu, namtumia linki sasa hivi. Na nimeambiwa niwaulize, sembe siku hizi inapatikana wapi?