Niombe cheti cha bastola au niache? (wakala wa pesa, Malaba)

WakalaMalaba:
Ndugu zangu, nisaidieni. Nina kibanda cha kutuma na kutoa pesa kwa simu hapa Malaba upande wa Uganda, karibu na maegesho ya malori. Wiki iliyopita vijana wawili walinikuta nafunga, mmoja akanionyesha bunduki, wakaondoka na keshi yote. Sasa nataka kuomba cheti cha bastola polisi. Mke wangu amekataa katakata. Binamu yangu aliyeko Texas anasema kule kumiliki silaha ni haki ya katiba tangu 1791, na kuanzia 2021 watu wazima wengi wanabeba bastola bila kibali. Mbona mimi lazima nibembeleze?

Mlinzi_Tororo:
Pole sana kaka. Katiba yetu haina haki hiyo. Sheria ya Silaha ya 1970 inataka uwe na cheti, na polisi wanaweza kukunyima. Nimelinda maduka miaka mingi na bunduki ya SAR begani. Ukivuka upande wa Kenya, mlinzi mwenzangu ana rungu tu. Wako wezi wanaomfuata mlinzi kwa ajili ya bunduki yenyewe. Yako nayo watajua iko wapi, Malaba hakuna siri. Na kumbuka Mei 2023, waziri Charles Engola aliuawa kwake Kyanja na askari aliyepewa kumlinda.

MamaKangole:
Mwanangu, pole. Mimi ni Mkarimojong wa ukoo wa Bokora, huku Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, nanunua ng'ombe mnadani Kangole. Kwetu bunduki zilijaa 1979, Amin alipoanguka na askari wakaikimbia kambi ya Moroto. Watu waliingia ghala la silaha wakabeba walivyoweza. Kuibiana ng'ombe kulikuwepo tangu babu zetu, lakini kwa mikuki hukuweza kumaliza kijiji usiku mmoja. Nimemzika kaka yangu, nimemzika mtoto wa dada yangu. Sina hamu na bunduki ya mtu yeyote.

Lakini wanaosema zikusanywe tu, nao wanisikilize. Desemba 2001 serikali ilianza kuzikusanya kwa hiari, ikaahidi kulinda mazizi. Sisi Bokora tulitoa nyingi. Mwaka uliofuata wanajeshi wengi wakapelekwa kupigana na LRA, waasi wa Kony, na majirani ambao hawakutoa zao wakatuingilia mpaka zizi la baba likabaki mavi matupu. Mnawaona akina mama wa Napak, wilaya yetu, wakiomba mitaani Kampala? Wengi njaa yao ilianzia hapo. Ndiyo maana Julai 2021, operesheni ya Usalama kwa Wote ya kukusanya bunduki tena ilipoanza, vijana waliuliza: nikitoa yangu, Mturkana wa Kenya naye atatoa? Wakaambiwa wakaidi. Mimi naona walikuwa na haki ya kujibiwa.

WakalaMalaba:
Mama, kwa hiyo ninunue au nisinunue?

MamaKangole:
Usinunue. Mtutu ukishakuwa usoni mwako, mkono utafika saa ngapi kwenye droo? Watakuua na bastola waondoke nayo, na kesho itamtisha wakala mwingine. Mke wako ameona mbali. Ila usikae kimya. Kusanya mawakala wote wa maegesho hayo, mwandike barua moja, mwenyekiti wa kijiji (LC1) agonge muhuri, mwende nayo kwa DPC, mkuu wa polisi wa wilaya, mdai doria saa za kufunga. Mfunge wote kwa wakati mmoja, mwondoke pamoja. Sisi tuliahidiwa ulinzi kwa mdomo, hatukuwa na karatasi ya kumwonyesha afande yeyote.

Mlinzi_Tororo:
Mama amesema kweli. Na keshi usiiache ijae mpaka jioni, peleka benki mchana.

WakalaMalaba:
Asanteni. Tuko mawakala saba hapa, kesho naanza kuwapitia na hiyo barua. Lakini niseme ukweli: mwezi ukiisha bila doria, nitaomba hicho cheti.