Kuuza kiwanja cha Buhongwa binti akasome Berlin: ni akili au ni sifa tu?

Mleta mada

Mwangaluka wadau. Jumapili tulikuwa na kikao cha familia Igoma, kwa kaka yangu mkubwa. Binti yake wa kwanza, aliyemaliza digrii hapahapa Mwanza, chuo cha Malimbe, kapata nafasi ya uzamili Berlin. Chuo cha serikali, masomo kwa Kiingereza. Kaka alipotusomea kwamba ada hakuna, sebule nzima vigelegele.

Shangwe ikaisha alipofika kwenye viza. Ili ubalozi wa Ujerumani pale Dar umpe viza, binti lazima aonyeshe ana hela ya kuishi mwaka mzima. Njia ya kawaida ni kuweka euro 11,904 kwenye akaunti ya kizuizi, wenyewe wanaiita Sperrkonto. Kwa hela yetu ni zaidi ya milioni 30. Shemeji akachukua daftari lake la dagaa, lile la madeni ya soko la Mwaloni, akapiga hesabu mara tatu, akalifunga bila kusema neno. Ndipo kaka akatamka: tunauza kiwanja cha Buhongwa.

Nilipinga na bado napinga. Nyuma yake kuna wadogo watatu, wawili wako sekondari, na kile kiwanja ndicho kitu pekee chenye hati kwenye ukoo wetu. Halafu sisi watu wa ziwa hii biashara tunaijua. Sangara anavuliwa hapa, minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, mapanki, ile mifupa na vichwa, tunabaki nayo sisi. Huyu binti akishaonja mshahara wa kule, nani atamrudisha? Karibuni mnipinge.

Aliyeishi Berlin miaka mitatu

Mkuu, hayo mapanki yamenikaa kooni, ila hesabu yako ina tundu. Hizo euro 11,904 si ada, wala ubalozi hauzili. Ni hela ya binti mwenyewe. Akifika anafunguliwa euro 992 kila mwezi, ale, alipe chumba na bima ya afya. Hata mngempeleka Dar mngemlisha na kumpangia chumba, tofauti ni kwamba huku wanataka muionyeshe yote kwa mkupuo.

Kinachoua ni chumba. Kinaweza kumeza zaidi ya nusu ya hiyo 992, na kukipata ni vita. Mimi nililala kwenye makochi ya watu wiki saba. Usipokuwa na mahali pa kuandikisha anwani yako serikalini, mambo mengine nayo yanakwama. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Nilikuwa nimebeba dagaa wa Mwanza kilo mbili. Siku niliyowakaanga, wenzangu wa nyumba moja walifungua madirisha yote na nje barafu tupu. Tangu hapo nikawa nawapika usiku wa manane kama mwizi.

Lakini kazi zipo. Mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi siku 140 kamili kwa mwaka, au nusu siku 280. Niliosha vyombo mgahawani, na mwaka wa pili sikuomba nyumbani hata mia. Akihitimu anaweza kupewa kibali cha hadi miezi 18 cha kutafuta kazi ya fani yake.

Mama wa Kirumba

Nyie mnaongea Berlin, mimi niulizeni habari za wakala wa vyuo vya nje. Wangu alikuja hadi nyumbani, kavaa tai, akala ugali wangu na sato wangu. "Mama, nafasi imeshapatikana, bado malipo ya kuishikilia." Nikalipa. Barua ilipokuja, chuo chenyewe hakikuwahi kumsikia mwanangu. Kabla ya kumpa mtu hata shilingi, mwulizeni kama amesajiliwa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, na mkahakikishe wenyewe TCU. Asiwaonyeshe karatasi aliyoichapa mwenyewe.

Mdau wa Nyegezi

Mwalimu Nyerere alisoma Edinburgh, 1949 hadi 1952. Tungemzuia kule Butiama tungekuwa wapi leo?

Mleta mada

Mwalimu alikwenda kwa ufadhili, mkuu. Hakuna ng'ombe wa baba yake, mzee Burito, aliyeuzwa. Na alirudi, akaenda kufundisha Pugu.

Mfanyakazi wa Bugando

Na msichanganye miji. Helsinki wanawatoza ada wasiotoka Ulaya tangu 2017, Oslo tangu 2023. London ndiyo usiseme: ada, pauni 776 kwa mwaka za huduma ya afya, na tangu Januari 2024 ukienda kwa uzamili wa kawaida mwenza na watoto unawaacha nyumbani. Berlin ni nafuu kwa kulinganisha. Kwa digrii ya kwanza ningekuunga mkono, vyuo tunavyo. Huyu anakwenda uzamili, na ameshajithibitisha. Ameomba ufadhili wa DAAD, ule wa Wajerumani? Hilo kaka yako alitakiwa kuliuliza kabla ya kutaja kiwanja.

Mleta mada

Aliomba, akakosa. Anasema ataomba tena mwakani, ila nafasi ya chuo haitamsubiri.

Dada wa Ilemela

Nimesoma yote. Swali langu dogo tu, shemeji zangu: angekuwa mvulana, mngekaa kikao?

Mleta mada

Dada, hilo limenigonga. Nilitaka nikujibu kwa hasira, nikafuta.

Yule binti ana kaka yake wa kwa baba mkubwa. Mwaka 2021 tuliuza ng'ombe wanane wa kule Kisesa akanunuliwa injini ya mtumbwi. Kikao hakikuwepo, mzee alipiga simu mbili tu. Injini ikaibiwa ziwani usiku kabla hata haijamaliza msimu. Hakuna aliyemuuliza habari za kurudi wala habari za wadogo zake, na mimi ndiye niliyewaswaga wale ng'ombe mnadani.

Kiwanja bado sitaki kiuzwe chote. Ni robo eka, kinaweza kukatwa kikauzwa nusu, iliyobaki tukachangishane ukoo mzima, na mimi nitaanza. Ila leo asubuhi nimekumbuka kitu kingine. Wakati tunabishana pale sebuleni, binti alikuwa jikoni anatupikia. Aliingia mara mbili, kwanza kutunawisha, kisha kuleta chai. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia akae.

Kesho napanda daladala kwenda Igoma.