Ruwaza ya majani: viungo vinaonekana, nakosea wapi?

Jani_Bichi
Wadau, nachora ruwaza ya maua na majani kwa mtindo wa karatasi za ukutani za William Morris, msanifu Mwingereza wa karne ya 19. Mraba wangu ni sm 20 kwa 20. Ukiwa peke yake unapendeza, ila nikiunganisha nakala, kila kiungo kinaacha njia nyeupe na maua yanasimama kama askari wa gwaride. Majani nayo yanaonekana yamebandikwa tu. Nifanyeje?

Mkono_wa_Penseli
Njia nyeupe inaletwa na kuogopa kingo. Chora katikati tu kwanza. Kisha kata mraba kwa mlalo katikati, kipande cha chini kiende juu. Kingo za zamani sasa zimekutana. Gundisha kwa nyuma (selotepu ikikaa mbele, penseli inateleza) na upitishe mashina juu ya mshono. Rudisha vipande mahali pake.

Sasa kata kwa wima. Nusu ya kushoto ihamishie kulia, ila ishushe sm 10, uchore pale zinapogusana. Halafu ipandishe mpaka iwe sm 10 juu ya mwenzake, umalizie ukingo uliobaki. Ukirudufu, kila safu wima ianze nusu mraba (sm 10) chini ya jirani yake. Gwaride limevunjika. Angalia kona: zisipokuwa nyuzi 90 kamili, kila shina linalovuka litakatika kidogo kwenye kiungo.

Kivuli
Hiyo pekee haitoshi. Ua moja likizidi mengine kwa weusi, jicho litaunga mistari ya mshazari. Toa nakala 9, zibandike ukutani, rudi nyuma mita 3, ufumbe macho nusu. Doa linalokurukia ndilo la kupunguza.

Kisha weka tabaka la pili. Tulip and Willow, ruwaza ya Morris ya 1873, ina maua makubwa mbele na majani membamba nyuma yake, yakiziba mapengo yote. Kwenye rangi usibane: Acanthus, karatasi yake ya ukutani ya 1875, ilihitaji vibao 30 vya kuchapia. Wewe anza na kijani cha aina tatu.

Mshipa_Mkuu
Majani yanaonekana yamebandikwa kwa sababu unaanza na umbo la nje. Anza na mshipa wa kati, utoke nao kwenye shina bila kuinua penseli. Jani likijipinda, upande mmoja unajificha nyuma ya mshipa huo, na mishipa midogo ya upande ule inakuwa mifupi.

Tazama pia vifundo, pale majani yanapotokea kwenye shina: majani yanatazamana mawili mawili, au yanapishana? Kuchanganya yote mawili kwenye shina moja ndiko kunakoua mmea. Na usichore jani lililobanwa kitabuni, mpindo wote umeshapotea. Tumia tawi bichi ndani ya glasi ya maji.

Jani_Bichi
Shukrani wakuu. Kwa majani ya sm 12, mraba huu unatosha?

Mkono_wa_Penseli
Hautoshi kwa tabaka mbili. Nenda sm 40 kwa 40, na ule mshuko uwe sm 20.