Je, mnara wa Luano uzungumze Kiingereza peke yake?

Ndugu aliyefungua mjadala huu anataka Kifaransa kiondolewe kabisa katika mawasiliano kati ya mnara wa kuongozea ndege wa Luano, uwanja wetu wa ndege, na ndege zinazoshuka hapa Lubumbashi, kibaki Kiingereza tu, ili kila rubani aelewe kila neno linalosemwa angani. Hoja yake kubwa ni ajali ya uwanja wa ndege wa Roissy, Paris, ya Mei 2000: mnara ulizungumza Kifaransa na ndege moja na Kiingereza na nyingine, marubani wa ndege ndogo ya Waingereza hawakuelewa kwamba ndege kubwa imekwisha kuruhusiwa kuruka, zikagongana na rubani mmoja akafariki. Hoja hiyo ni ya kweli, wala siipingi. Ninachokataa ni kuamini kwamba lugha moja itatosha.

Tarehe 19 Februari 1989, ndege ya mizigo aina ya Boeing 747 ilikuwa ikikaribia Kuala Lumpur, Malaysia. Mnara uliiambia ishuke futi 2,400, tarakimu zikitajwa moja moja: mbili, nne, sifuri, sifuri. Katika Kiingereza, tarakimu ya mbili husikika sawa na neno lenye maana ya "hadi", kwa hiyo marubani walielewa kwamba washuke hadi futi 400. Walijibu "nne, sifuri, sifuri", na hakuna aliyewasahihisha. Waligonga kilima, wote wanne wakafa, na hapakuwa na neno hata moja la Kifaransa.

Ardhi ya Luano iko takriban futi 4,300 juu ya usawa wa bahari. Rubani aliyeambiwa ashuke hadi futi 6,000 amebakiwa na futi 1,700 tu chini yake, na katika mvua za Januari, mawingu yakiwa yamelala, hana macho ya kusahihisha kile ambacho sikio limekosea.

Lakini jambo linaloniumiza zaidi ni ukimya wa mdogo mbele ya mkubwa. Mnamo Desemba 1978, karibu na Portland, Marekani, rubani mkuu alizama katika hitilafu ya magurudumu huku wenzake wakimgusia habari ya mafuta kwa upole mno. Mafuta yakaisha na watu 10 wakafa. Januari 1990, ndege iliyotoka Colombia ilianguka karibu na New York: rubani msaidizi aliuambia mnara kwamba mafuta yanaisha, lakini hakutangaza dharura, na watu 73 walipoteza maisha.

Mimi naendesha kreni katika karakana moja ya mgodi, na ukimya huo naujua. Siku moja kijana anayeniongoza kutoka chini aliona mnyororo umekaa vibaya kwenye ndoano. Alisema mara moja tu, kwa sauti ndogo, "Chef, mnyororo…", kisha akanyamaza kwa sababu sikumjibu. Mzigo ulipopinda hewani ndipo nilipoelewa, na namshukuru Mungu kwamba hapakuwa na mtu chini yake. Nilipomwuliza kwa nini hakupiga kelele, alijibu kwamba mimi ni kama baba yake. Tangu hapo kila agizo hurudiwa kwa sauti kabla sijagusa mkono wa mashine, na yeyote, hata mwanagenzi wa juzi, akisema "simama", ninasimama kwanza.

Kwa hiyo naomba pendekezo la ndugu yetu liongezewe mambo mawili kabla hatujaliunga mkono. Kwanza, mwongoza ndege asimwache rubani ashuke mpaka amsikie akirudia kimo chote alichopewa, na jibu lenye upungufu likataliwe palepale, liwe la Kifaransa au la Kiingereza. Pili, marubani wa mashirika yetu wafunzwe, na wapimwe kila mwaka, namna rubani msaidizi anavyomwambia mkubwa wake waziwazi: "Tumeshuka mno, pandisha ndege."